Walivyoifungia sauti ya baba: niliyojifunza kuhusu virusi vya kompyuta nyumbani

Jumamosi moja ya Machi 2021, masika yakiwa yameanza kunyesha hapa Moshi, nilizima ulinzi wa kompyuta yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Maelekezo ya programu niliyokuwa nimeipakua bure yalisema zima antivairasi kwanza, ndipo uendelee, nami nikatii kama mgonjwa anavyomtii daktari. Kufika saa kumi jioni, kila kitu cha familia yetu kilichokuwa mle ndani kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua.

Naandika haya kwa sababu kila muhula napata mwalimu mwenzangu au jirani anayenijia na kompyuta inayoumwa, na karibu kila mara nasikia makosa yale yale niliyoyafanya mimi. Nimeyalipia kwa fedha, na kwa kitu ambacho fedha haikirudishi.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba kutoka Uingereza, tuliyoinunua 2015 pamoja na kioo chake kwa shilingi 350,000. Tuliiweka kona ya sebule, karibu na dirisha linalotazama mlima siku usipokuwa na mawingu. Mimi nafundisha sekondari, kwa hiyo mitihani yote niliiandikia pale. Mume wangu alitunzia pale hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Watoto walifanyia pale kazi za shule na michezo yao. Wote tuliingia kwa jina moja, lisilo na neno la siri, lenye mamlaka yote ya kubadili chochote. Wakati ule sikuona ubaya wowote. Ilikuwa kama nyumba ambayo kila mtoto ana ufunguo wa geti, wa stoo na wa kabati la vyeti.

Somo la kwanza lilikuja 2016, nami nikalielewa kinyume. Nilipeleka flashi steshenari moja karibu na stendi kuchapa mtihani wa kidato cha tatu. Ilikuwa Ijumaa jioni, foleni ndefu, kijana anachomeka flashi moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ile ile. Niliporudi nyumbani na kuichomeka kwangu, folda zangu zote zilikuwa na kimshale kidogo pembeni. Nikabonyeza moja, ikafunguka kama kawaida, nikaendelea na shughuli zangu. Kesho yake flashi ya mwanangu nayo ikaota vimshale. Jumapili nikabonyeza tena, safari hii pakatokea ujumbe kwamba faili halionekani.

Nilishikwa na hofu, mtihani ulikuwa Jumatatu. Nikakimbia kwa fundi mmoja, akaiangalia flashi, akasema, "Mama, hii imeliwa na virusi, dawa yake ni kufomati." Nikalipa 5,000, akafomati, yaani akafuta kila kitu, akanirudishia flashi nyeupe kabisa. Usiku ule niliandika upya maswali yote kwa kumbukumbu mpaka saa tisa alfajiri.

Miaka mitano baadaye ndipo nilipojua kwamba mafaili yangu yalikuwemo muda wote. Mdudu yule hafuti kitu. Anazificha folda zako halisi, kisha mahali pa kila moja anaweka shotikati, yaani njia ya mkato, yenye jina lile lile. Ukibonyeza, shotikati inafanya kazi mbili kwa mpigo: inamwasha mdudu aingie kwenye kompyuta, halafu inakufungulia folda yako ya kweli usishtuke. Zamani hakuwa na haja ya kukusubiri ubonyeze, maana Windows yenyewe ilikuwa inafungua kilichomo kwenye flashi mara inapochomekwa. Microsoft, wenye Windows, waliziba njia hiyo kwenye Windows 7, na Februari 2011 wakaiziba kwenye zile za zamani kwa sasisho. Wadudu wakabadili mbinu: sasa wanamtegemea mtu awafungulie mlango mwenyewe.

Na dawa haikuwa kufomati. Kwenye kompyuta isiyoumwa, unafungua kidirisha cheusi cha amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ambapo E ni herufi ya flashi yako, unasubiri dakika moja, na folda zako zinajitokeza. Unafuta shotikati, unanakili vitu vyako, ndipo unafomati. Mstari mmoja tu ungenipa usingizi usiku ule. Kwa hiyo fundi yeyote akikwambia jambo la kwanza ni kufomati, mwombe kwanza akuonyeshe kama mafaili yamefichwa au yamefutwa kweli. Ni swali dogo, na fundi mzuri hatakasirika.

Baada ya lile, fundi wa pili alinipigia Windows 10 kwa 25,000, akaniwekea na antivairasi ya kulipia iliyochongwa ili isiombe malipo. Nilijiona nimepona kabisa. Sikujua kwamba antivairasi ya namna ile mara nyingi haiwezi kupokea orodha mpya ya virusi, na virusi vipya hutoka kila siku. Halafu ukishaweka antivairasi nyingine, Windows Defender inayokuja bure na Windows yenyewe hujiweka pembeni. Kwa hiyo nilikuwa nimemwondoa mlinzi aliye macho, nikaweka picha ya mlinzi getini.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kichwani mwangu. Nilitoka pale nikiamini virusi ni jambo la flashi. Flashi nikaziogopa kama moto. Intaneti sikuiogopa hata kidogo.

Mei 2017 habari ya mnyoo ulioitwa WannaCry ilitangazwa kila mahali. Ulianza kusambaa tarehe 12 mwezi ule, ukapita zaidi ya nchi 150, ukafunga kompyuta za hospitali Uingereza mpaka wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Mume wangu aliniuliza kama na sisi tumo hatarini. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya mashirika makubwa. Nilikuwa sijaelewa tofauti ya kirusi na mnyoo, nayo ni tofauti yenye maana kwa mtu wa nyumbani. Kirusi hujibandika kwenye faili au programu, kinasubiri uifungue. Mnyoo hausubiri mtu, unatembea wenyewe kwenye mtandao, kompyuta hadi kompyuta, ukitafuta tundu. Tundu lile WannaCry walilopitia, Microsoft walikuwa wameshaliziba kwa sasisho la tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakusasisha.

Na mimi nilikuwa miongoni mwa wasiosasisha, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Masasisho ya Windows yalikuwa yanakula bando langu la wiki kwa usiku mmoja. Kijana mmoja akanifundisha kuiambia kompyuta kwamba intaneti ninayotumia ni ya kupimwa, ili isipakue chochote kikubwa. Nilifurahi sana, nikawafundisha na walimu wenzangu. Wale niliowafundisha nimewarudia mmoja mmoja kuwaomba waondoe.

Sasa nije kwa baba.

Mwaka 2018 baba yangu alikuwa amepita miaka themanini na kumbukumbu zake bado zikiwa kali. Nilianza kupanda kwake Kibosho Jumapili baada ya ibada, nakaa naye kihambani, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, chini ya migomba, naweka simu juu ya kigoda, anazungumza. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakichimba na kusafisha mifongo, mifereji yetu ya maji, kwa zamu, maji yakishuka kutoka mlimani mpaka kwenye kahawa ya kila nyumba. Alinieleza mipaka ya kihamba inapopita na sale lipi, ule mmea wa mpaka, lilipandwa na nani. Alinieleza jinsi alivyobeba kahawa begani akiwa kijana kupeleka chama cha msingi. Alichanganya Kichaga na Kiswahili, na mahali pengine aliimba. Nilipata rekodi kumi na nne, nyingine za dakika arobaini, nyingine dakika sita tu kwa sababu alichoka. Nilizihamishia kwenye kompyuta, nikazifuta kwenye simu ili kupata nafasi. Nakala nyingine niliiweka kwenye flashi, na ili isipotee, flashi ile niliiacha imechomekwa nyuma ya kompyuta siku zote.

Baba alifariki Februari 2020.

Mwaka uliofuata tukapanga kumwekea msalaba wakati wa Pasaka, na mimi nikajitolea kutengeneza video ya picha zake na sauti yake, ndugu waione wakiwa wamekusanyika. Programu ya kuhariri video niliyoambiwa ni nzuri ilikuwa inauzwa kwa dola. Mtoto wa dada yangu akanitumia linki: "Mama mdogo, hii hapa ya bure, imeshakrakiwa." Yaani imechongwa isidai malipo, kama ile antivairasi yangu. Simlaumu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi nilikuwa na arobaini na sita, na ndiye niliyekaa mbele ya kioo.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilipakua faili lililofungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe limeandikwa pembeni yake. Leo najua kwa nini wanafanya vile: faili likifungwa kwa neno la siri, antivairasi haiwezi kuchungulia ndani. Nikazima antivairasi, nikahakikisha na Defender imezimwa kama maelekezo yalivyosema. Nikabonyeza. Programu haikufunguka. Badala yake kikaja kidirisha kinachosema Windows inajisasisha, nisubiri, nisizime kompyuta. Nikafurahi hata, nikasema leo angalau inajisasisha. Nikaenda jikoni kumenya ndizi za machalari.

Nilirudi na mikono yenye utomvu, nikakigusa kipanya kwa kidole kimoja. Picha ya baba niliyoiweka kwenye uso wa kompyuta ilikuwa bado ipo, ila ikoni zote zilizoizunguka zilikuwa zimekuwa nyeupe, kama karatasi tupu. Faili lililokuwa linaitwa Baba_mfongo sasa lilikuwa na mkia wa herufi nne zisizo na maana. Nikalibonyeza, likakataa. La pili, likakataa. Nikafungua folda ya picha, na mbele ya macho yangu majina yalikuwa yanaendelea kubadilika, moja baada ya jingine, kutoka juu kwenda chini. Nilisimama pale nikiangalia. Labda dakika nne, labda tano. Sikuchomoa waya wa umeme. Sikuzima intaneti. Nilidhani nikiigusa nitaharibu zaidi.

Kama kuna jambo moja nataka ulishike kwa ajili ya siku mbaya, ni hili: ukiona majina ya mafaili yanabadilika yenyewe, kata umeme hapo hapo. Usiage, usifunge madirisha kwa utaratibu. Chomoa. Laptopu, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka izimike. Kila sekunde unayosimama inakula folda nyingine.

Ndani ya kila folda paliachwa faili la maandishi linaloitwa _readme.txt. Lilianza kwa kunituliza, kwamba nisiwe na wasiwasi, mafaili yangu yote yanaweza kurudi. Bei ilikuwa dola 980, na nikiwasiliana nao ndani ya saa 72 ningepunguziwa nusu, dola 490. Kwa viwango vya wakati ule hiyo nusu ilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja na laki moja. Walijitolea kunifungulia faili moja bure kama ushahidi kwamba wanaweza. Nilikumbuka flashi ya nyuma ya kompyuta, moyo ukanitua kidogo. Nikaiangalia. Nayo ilikuwa nyeupe tupu. Mdudu alikuwa amefunga kila kilichochomekwa.

Usiku ule mimi na mume wangu tuligombana, jambo tusilolizoea. Nilitaka kulipa. Kulikuwa na fedha ya ada na mchango wa msalaba, nikasema tutazirudisha. Yeye akasema, "Mke wangu, unampelekea mwizi fedha ukitumaini ataona haya?" Nililia mbele ya watoto. Siku ya pili mtu mmoja niliyempata mtandaoni akaniahidi kufungua kila kitu, nitangulize laki tatu. Nilikuwa nimeshaandika namba yake ya kutumia fedha nilipoacha, si kwa ujasiri, salio lilikuwa halitoshi.

Aliyenisaidia ni mwanafunzi wangu wa zamani mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta Majengo. Aliinuka nilipoingia. "Shikamoo mwalimu." Nikashindwa hata kuitikia vizuri. Alisoma ile barua, akaitambua: familia ya virusi vinavyoitwa STOP, au Djvu, ambavyo husambaa hasa kupitia programu zilizokrakiwa. Akaniuliza kama intaneti ilikuwa imewashwa. Nikamwambia ndiyo, bando lilikuwa jipya. Akashusha pumzi. Akanionyesha mwisho wa barua ile kitambulisho kirefu cha herufi na namba. Kirusi hiki kisipofikia seva, yaani kompyuta ya mbali ya watekaji wenyewe, hutumia ufunguo wa akiba, na kitambulisho huishia na t1. Wenye kitambulisho cha namna hiyo, watafiti wameweza kuwasaidia baadhi yao, na tangu Oktoba 2019 kuna programu ya bure ya kampuni ya Emsisoft ya kuwafungulia. Kikifikia seva, kila mwathirika anapewa ufunguo wake peke yake. Changu hakikuishia na t1.

Aliniambia ukweli bila kuuzungusha: "Mwalimu, nyaraka na picha nyingi hazitarudi. Nisikudanganye." Namshukuru mpaka leo kwa sentensi ile, kwa sababu wengine wote walikuwa wananiuzia matumaini. Akanifungulia kwenye simu tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Unapandisha faili moja lililofungwa pamoja na barua ya watekaji, wanakwambia umeshikwa na nini na kama kuna ufunguo wa bure. Mtu apite pale kabla hajamlipa yeyote. Na tulifungua kwenye simu kwa sababu kwenye kompyuta yenyewe tovuti za usalama zilikuwa hazifunguki. Kirusi kilikuwa kimezifungia njia.

Kisha akauliza kuhusu sauti. Ni mp3? Ni ndefu? Akaeleza kwamba kirusi hiki, ili kimalize haraka, hakifungi faili zima. Kinafunga mwanzo wake tu, kama kilobaiti 150. Picha ndogo au barua humezwa yote, au hupoteza kichwa na kushindwa kusomeka. Lakini rekodi ya dakika arobaini ni kubwa, na mp3 imejengwa kwa vipande vidogo vinavyojitegemea. Akakata kile kipande cha mwanzo, akaondoa na maandishi ambayo kirusi kilibandika mwishoni, akabadili jina, akabonyeza.

Kibanda kizima kilimsikia baba akizungumza juu ya mfongo.

Rekodi kumi na tatu alizirudisha siku ile. Ya kumi na nne iliharibika kabisa, hatukujua kwa nini. Alinitoza 40,000, nikampa 60,000. Kila rekodi imepoteza kama sekunde tisa za mwanzo. Sekunde tisa si kitu, utasema. Baba alikuwa na desturi: kabla ya kusimulia alikohoa, akataja jina lake na la baba yake na la babu yake, akawasalimu wajukuu. Yote hayo yalikaa ndani ya sekunde zile. Picha za miaka sita zilipotea, isipokuwa zile ndugu walizokuwa nazo kwenye WhatsApp, zikarudi zikiwa hafifu. Hesabu za kikundi tuliziandika upya kutoka kwenye daftari la mkono, wiki tatu.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitarajia. Kijana akaniambia nibadilishe nywila zangu zote, na nisitumie kompyuta ile kuzibadilishia. Kirusi cha namna hii mara nyingi huandamana na mwizi anayechota nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari kabla ya kufunga mafaili. Nilichelewa siku mbili. Kwenye barua pepe yangu tayari kulikuwa na taarifa ya mtu aliyejaribu kuingia kutoka mbali. Nilibadilisha yote kwa simu, nikaweka na uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kuombwa namba ya siri kwenye simu kila unapoingia kwenye kifaa kipya.

Tunavyoishi sasa ni hivi. Nina diski mbili za nje, ya kwanza niliinunua kwa 150,000 ikaniuma, ya pili mwaka uliofuata. Jumamosi jioni nachomeka moja, nanakili, nachomoa. Haikai imechomekwa hata dakika moja bila kazi. Nyingine iko kwa wifi yangu Kiboriloni, tunabadilishana mwisho wa mwezi tukikutana kwenye kikundi. Nakala iliyounganishwa na kompyuta si nakala, ni sehemu ya kompyuta hiyo hiyo. Hilo flashi yangu ya nyuma ya mashine ilinifundisha. Kama fedha ya diski hakuna, anza na flashi ya 20,000 kwa vile vitu ambavyo ukivipoteza utalia. Si lazima uhifadhi filamu.

Watoto wana akaunti yao isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Mimi mwenyewe natumia akaunti ya kawaida, na ile yenye mamlaka ina neno la siri analolijua baba yao na mimi. Programu ikitaka kujiweka, inatuuliza, na lile swali hutupa nafasi ya kufikiri. Antivairasi ya kuchonga haipo tena. Defender inatosha nyumba kama yetu, mradi inasasishwa. Ndani yake kuna sehemu ya kulinda folda, inayozuia programu isiyojulikana kugusa picha na nyaraka. Mara nyingine inasumbua, inazuia hata programu halali, lakini niliiwasha na sikuizima muda wote tuliotumia Windows.

Niliiambia Windows pia inionyeshe mikia ya majina ya mafaili. Kwa kawaida inaificha, na hapo ndipo ankara.pdf.exe, ambayo ni programu, inajifanya ankara.pdf. Ni hila ya zamani. Ile barua pepe ya mapenzi yenye mdudu, iliyozunguka dunia Mei 2000, iliyotokea Ufilipino, ilikuja kwa jina linaloishia TXT, na mkia wake halisi, vbs, ambao ni wa programu, umefichika nyuma.

Masasisho tunayaachia usiku kwa kifurushi cha usiku, mara moja kwa wiki. Kuhariri video natumia Shotcut, na nyaraka LibreOffice, zote bure bila kuiba. Ni muhimu kusema hili, kwa sababu watu wengi wanakraki wakidhani hawana njia nyingine. Steshenari natuma PDF kwa barua pepe, au napeleka flashi yenye hilo faili moja tu, na ikirudi nyumbani inafomatiwa kabla ya kufunguliwa.

Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mtumba wetu hauna uwezo wa kupokea Windows 11. Tungeweza kuongeza muda kidogo, lakini yule kijana alituwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Watoto walilalamika siku mbili.

Krismasi ya 2021 dada yangu anayeishi Mwanza alikuja nyumbani, na jioni moja akawa anafuta vitu kwenye simu yake ya zamani ili ampe binti yake. Akaniita. Kulikuwa na rekodi niliyomtumia 2019 kwa WhatsApp, ile ya dakika sita ambayo baba alichoka mapema. Ndiyo ya kumi na nne.

Tuliisikiliza jikoni, mlango umefungwa. Kuna mlio wa simu kuwekwa juu ya kigoda. Kuna kuku. Baba anakohoa, anataja jina lake, la baba yake, la babu yake, anawasalimu wajukuu mmoja mmoja, kisha anasita na kuuliza, "Imewaka hiyo?"

Na mimi nasikika kwa mbali namjibu, "Imewaka, baba. Endelea."